Simu mpya kila mwaka: kuna jipya kweli au tunaongezewa namba tu?

Nyie mnaosoma kwa kulipia dakika kwenye kafe, nitajitahidi nisiwamalizie muda bure.

Mada ya leo naulizwa kila wiki pale steshenari ninapofanya vibarua. Mtu anakuja kuprinti barua ya kazi, akimaliza ananisogelea: "Dogo, hivi hii simu iliyotoka juzi ina nini ambacho yangu haina?" Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka. Nimeamua kuandika yote sehemu moja, ili mwenye mpango wa kununua asome kwanza, aprinti akitaka, ndo aende dukani.

Jibu fupi ni hili: ukilinganisha toleo la mwaka huu na la mwaka jana, mara nyingi hakuna jipya la maana. Ukilinganisha la leo na la miaka minne iliyopita, tofauti utaiona. Kwa hiyo jipya lipo, ila linaonwa na mwenye subira. Jibu refu linafuata.

NIANZE NA MAUMIVU YANGU

Mwaka 2024 nilikuwa na simu ya kupangusa niliyoitumia mwaka mmoja na nusu. Haikuwa na tatizo lolote. Ikatoka namba inayofuata ya simu ileile, tangazo likawa kila mahali. Muuza duka mmoja akaniambia nilete ya zamani na niongeze 230,000.

Hela hiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa naitunza kwa ajili ya malipo ya kuanzia chuo cha ufundi, nilitaka kusomea umeme. Nikajiambia ada itapatikana tu, Januari iko mbali.

Januari haikuwa mbali. Nafasi ikapita, mwaka mzima nikabaki nachapa maombi ya chuo ya watu wengine kwa shilingi mia tano mia tano.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Simu yangu ya zamani aliinunua mshkaji wangu wa Makambako. Siku moja tukakutana sokoni, tukapiga picha gunia lilelile la viazi, kwenye mwanga uleule, kila mtu na simu yake. Halafu tukazichanganya zile picha. Tulishindwa kabisa kujua ipi ya simu mpya na ipi ya zamani. Jamaa akacheka, akaniuliza, "Kwa hiyo wewe umelipa laki mbili na thelathini kwa ajili ya rangi?"

Sikuwa na jibu. Ndo nikaanza kusoma haya mambo.

JIPYA LA KWELI NI LIPI?

Mimi natumia kipimo kimoja tu. Najiuliza: kuna kitu naweza kufanya leo ambacho jana nilikuwa siwezi? Kama kipo, hilo ni jipya. Kama nafanya kilekile, ila kwa kasi kidogo au kwa picha yenye rangi kali kidogo, hayo ni maboresho. Maboresho si vibaya, ila tusiuziwe kwa jina la mapinduzi.

Tukipita na kipimo hicho kwenye historia, yaliyokuwa mapya kweli ni haya:

1994: IBM Simon. Wengi wanaihesabu kuwa simu janja ya kwanza. Ilikuwa na kioo cha kugusa, ikituma faksi na barua pepe. Nzito, ghali, na betri yake haikukaa. Lakini wazo lilikuwa jipya.

2003: Nokia 1100. Wakubwa zetu wanaijua vizuri. Tochi juu, vitufe vilivyozibwa visiingize vumbi, chaji ya siku kadhaa. Ziliuzwa karibu milioni 250 duniani. Mtu wa kijijini kusiko na umeme alipata simu na taa kwa mkupuo mmoja. Jina la kitochi tunalotumia mpaka leo limetokana na simu za namna hiyo.

Machi 2007: M-Pesa. Ilianza Kenya kupitia Safaricom, na Aprili 2008 Vodacom wakaileta Tanzania. Hili nitalirudia, kwa sababu watu hulisahau wakizungumzia simu.

2007: iPhone. Ilitangazwa Januari, ikaanza kuuzwa Marekani Juni. Vitufe vikaondoka, kidole kikachukua kazi. Ajabu ni kwamba ya kwanza haikuwa na 3G, haikurekodi video, wala huwezi kunakili maandishi. Duka la programu lilikuja Julai 2008. Yaani jipya halikuwa namba kubwa, lilikuwa namna ya kuitumia.

2008: Android. Simu ya kwanza kuuzwa nayo ilikuwa HTC Dream. Kwa kuwa kampuni yoyote iliruhusiwa kuutumia mfumo huo, simu za kupangusa zikaanza kushuka bei mpaka zikafika kwenye meza za stendi yetu.

Laini mbili kwa bei ya mkulima. Tecno ilianza 2006, na kampuni mama yake, Transsion ya China, ndiyo pia yenye Itel na Infinix. Hawakuwa wa kwanza duniani kutengeneza simu ya laini mbili. Walichofanya ni kutuangalia sisi, watu wenye laini tatu mfukoni tunaochomoa betri kila tukitaka kupiga mtandao mwingine, wakatuletea dawa kwa bei tunayoiweza. Baadaye wakazirekebisha kamera zitoe vizuri sura za watu weusi. Google walipokuja kulitangaza jambo la namna hiyo kwenye Pixel 6, ilikuwa tayari 2021.

Rudi sasa kwenye 2007. Mwaka uleule dunia ilipopata iPhone, Kenya walipata M-Pesa. Ipi imebadilisha zaidi maisha ya Njombe? Mama yangu anauza viazi Uwemba. Dalali yupo Dar es Salaam, hela inaingia kwenye kiswaswadu chake kwa meseji, anaitoa kwa wakala. Zamani angesubiri dereva wa lori arudi na bahasha, na bahasha zina tabia ya kupungua njiani. Kubwa kuliko yote lilikuja bila mtu kubadilisha simu.

YALIYOONGEZEKA KIDOGO KIDOGO

Nachukua mfano unaoweza kuhakikishwa na yeyote: Samsung Galaxy S za kawaida, zile zisizo na Plus wala Ultra.

S22 ya 2022: kamera kuu megapikseli 50, kamera ya kuvuta mbali 10, ya upana 12. Betri 3,700 mAh. Chaji wati 25. RAM GB 8.

S23 ya 2023: kamera namba zilezile. Betri 3,900. Chaji wati 25. RAM 8.

S24 ya 2024: kamera namba zilezile. Betri 4,000. Chaji wati 25. RAM 8. Kioo kimekua kutoka inchi 6.1 hadi 6.2.

S25 ya 2025: kamera namba zilezile. Betri 4,000. Chaji wati 25. RAM 12.

Unaona? Miaka minne, kamera tatu zenye namba zilezile. Prosesa ilibadilika kila mwaka, ni kweli, na programu ya picha iliboreshwa. Lakini aliyetoka S22 kwenda S23 alinunua nini hasa? Betri iliyoongezeka kidogo na kasi ambayo WhatsApp haiihitaji.

Upande wa Apple ni hivyohivyo. iPhone 13 ya 2021 na iPhone 14 ya 2022 zote zina chipu ya A15, ila ya 14 imeongezewa nguvu kidogo kwenye michoro. Jipya la kweli kwenye 14 lilikuwa kuomba msaada wa dharura kwa setilaiti, pale ambapo hakuna mnara. Hilo ni jipya hasa! Ila lilianza Marekani na Kanada. Aliyeinunua akiwa Makambako alilipia huduma asiyoweza kuitumia.

KWA NINI KASI IMEPUNGUA?

Sababu ya kwanza ni za kiufundi. Kioo kikishakuwa kikali kuliko jicho linavyoona, ukikiongeza ukali hakuna atakayejua. Kamera nayo inataka lenzi kubwa na simu nyembamba kwa wakati mmoja, na hivyo viwili vinagombana. Simu ni kama baiskeli sasa: umbo limeshapatikana, kilichobaki ni kulipunguza uzito na kulipaka rangi.

Sababu ya pili ni biashara. Kampuni inatakiwa kuuza kila mwaka, iwe na wazo jipya au haina. Mkulima wa mahindi hawezi kuvuna kila wiki, lakini wao wameahidi mavuno kila msimu, kwa hiyo hata kama shamba halijaiva lazima walete kitu sokoni.

Kuna wanaojaribu makubwa. Simu za kukunja, kwa mfano. Galaxy Fold ilitakiwa itoke Aprili 2019, vioo vikaanza kuharibika mikononi mwa waandishi waliopewa kuijaribu, ikaahirishwa mpaka Septemba. Tecno nao wakatoa Phantom V Fold 2023. Huo ni ubunifu kweli, sipingi. Lakini jipya na lenye faida kwako ni vitu viwili tofauti. Simu yenye bawaba, kwenye vumbi la gulio, mikono ina udongo wa viazi? Hapana jamani, ngoja kwanza.

NAMBA ZA KWENYE BOKSI

Hapa ndipo tunapoliwa.

RAM ya kuazima. Boksi limeandikwa RAM GB 8, kumbe ya kweli ni 4, na 4 nyingine imekopwa kwenye memori ya kuhifadhia. Hiyo ya kuazima ni ya polepole sana ukilinganisha na RAM halisi. Mnaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka linapandishwa kilemba, mkulima analipwa kwa gunia moja. Hii ni lumbesa iliyogeuzwa: kilemba kimechorwa kwenye boksi, ndani gunia ni nusu. Tafuta maandishi madogo yenye alama ya kujumlisha, kama 4+4. Ya kuhesabu ni ya kwanza.

Megapikseli. Simu nyingi zenye megapikseli 108 hujumlisha nukta tisa kuwa moja, picha unayoiona inatoka na megapikseli 12. Wanafanya hivyo ili kupata mwanga zaidi, si wizi. Ila usidhani 108 ni mara tisa ya 12 kwa uzuri. Na ukikuta kamera nne mgongoni, uliza kila moja inafanya nini. Nyingine ni za megapikseli 2, zipo kujaza nafasi.

Akili bandia. Tangu Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, kila boksi lina neno hilo. Mengine ni mazuri kweli, kama kutafsiri au kufuta mtu aliyepita nyuma ya picha. Lakini kazi kubwa ya akili bandia inafanyika kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Ukiwa na bando, unaweza kuzungumza nayo hata kwa simu ya miaka mitano iliyopita, au hapohapo kwenye kompyuta ya kafe. Ya Apple mpaka mwisho wa 2025 haikuwa inajua Kiswahili. Usilipie laki tatu kwa kitu ambacho ungekipata kwa bando la buku.

KUMBE SUBIRA INALIPA

Nisiwe mtu wa kuponda tu. Chukua iPhone 13 uilinganishe na iPhone 17 ya Septemba 2025. Kioo kilichokuwa kinajichora mara 60 kwa sekunde sasa ni mara 120, jambo ambalo simu za Android za bei ya kati zilikuwa nalo miaka kadhaa kabla. Kamera kuu imetoka megapikseli 12 hadi 48. Memori ya kuanzia imetoka GB 128 hadi 256. Chaja imekuwa ileile ya simu zenu nyingine, na huko Ulaya sheria ililazimisha hilo kuanzia Desemba 28, 2024.

Hakuna hata hatua moja hapo iliyokuwa ya kushtua. Zikijumlishwa, unashika simu nyingine kabisa. Sisi wa Njombe tunajua mambo ya miti ya mbao: huendi shambani kila Jumapili na futi kupima mpaini. Ukiupima kila wiki utasema haukui. Ukirudi baada ya miaka, unahitaji msumeno.

Maana yake ni kwamba anayebadilisha kila mwaka analipa bei nzima ya hatua nne. Anayekaa miaka minne analipa mara moja na kupata hatua zote nne. Mimi nililipia hatua moja kwa bei ya chuo.

VISIVYOTANGAZWA

Mambo yanayoamua maisha ya simu yako wala hayamo kwenye tangazo.

Apdeti. S22 iliahidiwa matoleo manne ya Android, S24 ikaahidiwa miaka saba. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya S24 kuliko akili bandia yote. Uliza hata kwa simu ya bei ndogo: itapata apdeti mpaka lini? Wengi dukani hawajui, na kutojua kwao pia ni jibu. Mnakumbuka Smart Kitochi, ile Vodacom waliyoileta 2019? Ilitumia mfumo wa KaiOS na ilikuwa na WhatsApp. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp ikaacha kabisa mfumo huo. Simu nzima, kioo kizima, betri nzima, WhatsApp hakuna. Hata Android za chini ya 5.0 ziliachwa Oktoba 2023.

Betri na baridi. Njombe tupo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, betri iliyochoka inaonyesha asilimia 25 halafu simu inazima ghafla. Watu wanasema simu imekufa, wanakimbilia mpya. Baridi inapunguza nguvu ya betri kwa muda, na betri iliyozeeka haihimili. Iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ikiendelea, badilisha betri kwanza. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime, wakaomba radhi na kushusha bei ya betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu waliodhani simu zao zimezeeka, wakabadilisha betri, kasi ikarudi.

Mtandao. 5G ilizinduliwa na Vodacom Dar es Salaam Septemba 2022. Kabla hujaongeza hela kwa ajili ya 5G, hakikisha inashika pale unapolala, si pale ilipotangaziwa.

IMEI. Juni 2016 TCRA walizima simu bandia, watu wengi wakaamka na vipande vya plastiki. Bonyeza *#06# upate namba, itume kwa meseji kwenda 15090. Majibu yakitaja simu tofauti na uliyoshika, irudishe hapohapo.

Mkopo. Simu ya kulipia kidogo kidogo inaweza kufungwa kioo ukichelewa. Piga hesabu ya jumla yote, si ya kwa siku. Na kumbuka kipato chetu kinafuata msimu, ila deni halijui msimu.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOA HELA

1. Simu yangu imeshindwa kufanya nini? Kitaje kwa jina. Kama hakitajiki, rudi nyumbani.
2. Tatizo ni simu, au ni betri, memori iliyojaa, au bando?
3. Toleo hili linatofautiana na la mwaka jana kwa kitu gani nitakachokitumia kila siku?
4. RAM ya kweli ni ngapi, ukitoa ya kuazima?
5. Apdeti mpaka mwaka gani?
6. Hii hela ilikuwa ya nini kabla haijawa ya simu?

La sita ndilo nililoliruka mimi.

Na siri moja ya mwisho: simu bora kwa hela yako mara nyingi ni toleo la mwaka jana, siku jipya linapotoka. Bei inashuka, na mmeona wenyewe kilichoongezeka ni kidogo.

Mimi ile simu bado ninayo. Nimeapa nitakaa nayo mpaka WhatsApp wenyewe wanifukuze. Ada nimeanza kuitunza upya, safari hii kwa mama, na mama hajui kuongezea mtu hela ya simu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Semeni: simu gani uliwahi kununua ukaona kweli hapa kuna jipya, na ipi ililia hela yako bure? Majina ya maduka msiweke, tusije tukagombana na watu. Nawasilisha.